Mwanga, Giza na Hewa: Kiswahili na Sayansi ya Kukuza Mimea Chumbani

Utangulizi

Tangu jadi, mkulima wa Afrika Mashariki amelichukua jua kuwa mali isiyolipiwa. Mvua ndiyo iliyomtia wasiwasi. Jua halikuwa na shaka. Hata hivyo, yapo mazingira ambamo mmea hulazimika kukuzwa ndani ya chumba, chini ya taa na karibu na feni. Miche ya migomba inayozalishwa maabarani kutokana na tishu huanza maisha yake rafuni, chini ya taa, kabla ya kuzoeshwa hewa ya nje. Krisanthemu katika vivungulio vya nyanda za juu za Kenya huwashiwa taa usiku wa manane. Mkazi wa jiji asiye na hata futi moja ya shamba naye huotesha miche ya mboga katika chumba chake cha ziada.

Maarifa yanayotawala shughuli hizi yameandikwa kwa wingi katika Kiingereza. Taa huja na maelezo ya Kiingereza, dawa vilevile, na mtaalamu anapozuru shamba huzungumza Kiswahili kilichojaa istilahi za kigeni zisizofafanuliwa. Anayezima na kuwasha taa hizo, na anayelipia hasara miche inapooza, mara nyingi ni mtu ambaye lugha yake ya kufikiria kazi ni Kiswahili. Kwa hiyo suala la istilahi hapa halihusu fahari ya lugha pekee. Linahusu mazao, gharama ya umeme na usalama wa mtu.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza kanuni za msingi za kuandaa mwanga na hewa katika chumba kidogo cha mimea. Pili, yanaonyesha kwamba katika kila hatua uteuzi wa neno una matokeo ya kivitendo. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili hakina uhaba mkubwa wa maneno ya taaluma hii. Uhaba uliopo ni wa kuyatenganisha maana na kuyatumia kwa uthabiti.

Kwa nini taa katika nchi ya jua?

Swali hili linapasa kujibiwa kabla ya taa ya kwanza kununuliwa. Katika siku ya jua kali, mwanga unaolifikia jani nje ni mwingi mno kiasi kwamba hakuna taa ya nyumbani inayoweza kushindana nao kwa bei nafuu. Anayelima sukuma wiki au mahindi hana haja ya taa.

Haja hutokea kwa sababu tatu. Ya kwanza ni usafi: mche unaotakiwa uwe huru kutokana na magonjwa hutengwa na udongo na wadudu, na kutengwa huko humaanisha chumba. Ya pili ni udhibiti wa kuchanua: kuna mimea inayosubiri usiku wa urefu fulani ndipo ichanue, na mkulima hutaka kuihimiza au kuizuia. Ya tatu ni ufinyu wa mahali. Iwapo hakuna hata moja kati ya sababu hizi, njia ya busara ni kuutoa mmea nje.

Mwanga, mwangaza na wanga

Mmea hujitengenezea chakula kwa mchakato unaoitwa usanisinuru. Katika mchakato huu, jani hutumia nishati ya mwanga kuunganisha maji na hewa ukaa, likapata sukari. Sukari hiyo huweza kuhifadhiwa katika umbo la wanga. Mwanafunzi wa lugha hatakosa kuona kwamba hapa mwanga huzaa wanga. Mfanano huo ni wa sauti tu, na aghalabu huleta mtafaruku zaidi: katika lahaja za pwani, mwanga ni pia mchawi atembeaye usiku, na wingi wake ni wanga. Muktadha huondoa utata huu bila taabu, kwani mianga ya taa na wanga wa usiku haziko katika ngeli moja.

Utata wenye hasara ni ule wa mwanga na mwangaza. Katika matumizi ya kila siku maneno haya mawili hubadilishana nafasi. Katika chumba cha mimea, hayana budi kutenganishwa. Jicho la binadamu huhisi zaidi rangi ya kijani na manjano. Kwa hiyo taa inayoonekana kali machoni inaweza kuwa hafifu kwa jani, na taa ya zambarau inayoonekana dhaifu machoni inaweza kulishibisha. Kipimo cha luksi, kinachopatikana hata katika simu, kimeundwa kulifuata jicho. Hakipimi kile ambacho jani linakila.

Jani hutumia hasa mwanga wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700, yaani kuanzia zambarau na buluu hadi nyekundu. Wataalamu huhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazoangukia eneo la mita moja ya mraba kwa kila sekunde. Idadi hiyo ni kubwa mno, hivyo hupimwa kwa mikromoli. Jua la adhuhuri lisilozibwa na mawingu hufikia takriban mikromoli 2,000. Miche michanga ya mboga hukua vyema kwa 200 hivi. Inapendekezwa hapa kwamba neno mwanga litengewe kile kinacholifikia jani, na mwangaza litengewe kile kinachoonwa na jicho. Mkulima akishaelewa tofauti hiyo, hatanunua taa kwa kuikodolea macho dukani.

Kwa kuwa mmea hula kwa siku nzima, kinachohesabika ni jumla. Rafu inayopata mikromoli 200 kwa sekunde kwa muda wa saa 16 hupokea mikromoli milioni 11.52, yaani moli 11.5 kwa kila mita ya mraba. Siku ya jua kali nje huweza kutoa moli 40 au zaidi. Kutokana na hesabu hii inadhihirika kwamba mwanga hafifu wa muda mrefu unaweza kuwa sawa na mwanga mkali wa muda mfupi. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hicho kina mdomo: ipo mimea ambayo hudhurika ikinyimwa giza kabisa, mnyanya ukiwa mfano unaojulikana sana.

Taa na umbali wake

Taa za zamani za nyuzi hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto badala ya mwanga, hivyo hazifai kulisha mimea. Taa ndefu za mirija zilitumika kwa miaka mingi katika maabara za tishu. Siku hizi taa za LED ndizo zinazopendelewa. Msingi wake uliwekwa na wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua diodi za mwanga wa buluu zenye ufanisi. Pasipo buluu hiyo, LED nyeupe ya kawaida isingalikuwako. Buluu huufanya mche uwe mfupi na imara, ilhali nyekundu ndiyo inayotumika kwa ufanisi mkubwa zaidi katika usanisinuru. Taa nyeupe ya LED huwa na zote mbili, na ina faida moja zaidi: humwezesha mkulima kuona rangi halisi ya jani na kutambua ugonjwa mapema.

Umbali una sheria yake. Mwanga wa balbu moja ndogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: ukiongeza umbali mara mbili, mwanga hubaki robo, ukiuongeza mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Taa pana au safu ya taa nyingi hazipungui kwa kasi hiyo, kwani jani hupokea kutoka pande kadhaa. Hata hivyo, fundisho ni lile lile. Taa iliyotundikwa darini huangaza sakafu, haimlishi mche. Dalili ya njaa ya mwanga ni shina jembamba linalorefuka na kulala. Dalili ya kuzidiwa ni majani ya juu kupauka na kujikunja. Kuta zilizopakwa rangi nyeupe hurudisha mwanga ambao ungepotea, na chokaa ni rahisi kuliko taa ya pili.

Gharama nayo ikadiriwe mapema. Rafu ya mita moja ya mraba inayohitaji mikromoli 200 huweza kutoshelezwa na taa bora ya LED ya takriban wati 100. Rafu mbili zitatumia wati 200. Zikiwaka saa 16 kwa siku, zitakula yuniti 3.2 za umeme kila siku, yaani yuniti 96 kwa siku 30. Mkulima aizidishe idadi hiyo kwa bei ya yuniti anayolipa, kisha ailinganishe na bei ya miche sokoni. Hesabu hii ya mistari miwili imewazuia wengi wasiingie hasara, na haihitaji lugha ya kigeni.

Giza kama chombo cha kazi

Mwaka 1920 watafiti wawili wa Idara ya Kilimo ya Marekani, Wightman Garner na Harry Allard, walichapisha matokeo yaliyobadilisha kilimo cha maua. Walikuwa wakishughulikia aina ya tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyokua ndefu sana wakati wa kiangazi bila kuchanua. Walipoifungia mimea hiyo katika banda la giza kwa sehemu ya mchana, ikachanua. Walihitimisha kwamba mmea huongozwa na urefu wa mchana. Mwaka 1938, Karl Hamner na James Bonner walionyesha kwamba kipimo halisi ni urefu wa giza lisilokatizwa: mwanga wa muda mfupi katikati ya usiku uliweza kuuharibu usiku wote kwa hesabu ya mmea. Baadaye, katika miaka ya 1950, watafiti huko Beltsville, Maryland, walitambua kipokezi kinachohusika, yaani fitokromu, ambacho huitikia mwanga mwekundu na ule mwekundu wa mbali.

Hapa ndipo tafsiri sisisi inapoleta kosa. Vitabu vya Kiingereza vimezoea kuigawa mimea katika ile ya siku fupi na ile ya siku ndefu. Kuyahamisha maneno hayo jinsi yalivyo ni kuipotosha maana, kwa sababu katika Kiswahili siku ni saa 24, na siku haifupiki. Kinachofupika ni mchana. Istilahi mchana mfupi ingekuwa sahihi zaidi. Lakini kwa kuwa majaribio ya mwaka 1938 yalithibitisha kwamba mmea huhesabu giza, istilahi iliyo bora ni mimea ya usiku mrefu na mimea ya usiku mfupi. Katika jambo hili Kiswahili kinaweza kuwa sahihi kuliko lugha kilikotoka dhana.

Zaidi ya hayo, saa za Kiswahili zenyewe ni zao la Ikweta. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha. Saa moja ya usiku ni ya kwanza baada ya kuchwa. Mfumo huo hufaa mahali ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Nairobi, iliyo karibu na nyuzi 1.3 kusini mwa Ikweta, huwa na mchana wa takriban saa 12 katika kila mwezi. Msemaji wa Kiswahili anaposema saa nne za usiku, huwa amekwisha kutaja muda ambao giza limedumu. Mmea nao huhesabu hivyo hivyo, kuanzia machweo.

Usawa huo wa mchana na usiku ndio unaoeleza taa za usiku katika mashamba ya maua ya Kenya. Krisanthemu ni mmea wa usiku mrefu. Usiku wa saa 12 unatosha kuichanuza, hata ikiwa bado fupi na isiyofaa soko. Kwa hiyo mkulima huuvunja usiku: huwasha taa kwa saa chache, kwenye saa sita za usiku, na mmea huhesabu mausiku mawili mafupi badala ya mmoja mrefu. Huendelea kurefuka. Shina likifikia kimo kinachotakiwa, taa huachwa kuwashwa, na vitumba hutokea. Mwanga wa kuvunjia usiku haulazimiki kuwa mkali, kwa kuwa hautumiwi kama chakula. Hutumiwa kama ishara. Ni muhimu mfanyakazi aelezwe tofauti hiyo kwa lugha anayoimiliki. Asiyeielewa anaweza kudhani kwamba kuacha taa usiku mmoja ni kosa dogo, au kwamba kurunzi aliyoiacha ikiwaka katika kivungulio kinachotakiwa kiwe giza haina madhara.

Mfano wa mbangi

Mmea mwingine wa usiku mrefu unaotajwa sana duniani katika mjadala wa kilimo cha ndani ni mbangi. Kiswahili huutofautisha mmea na zao lake kwa kiambishi cha ngeli: mbangi ni mmea, bangi ni majani na maua yanayovutwa. Jina lenyewe lilipitia lugha za Bara Hindi na Uajemi, na mzizi wake hupatikana katika Kisanskriti. Nchini Kenya, kuukuza ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti mihadarati. Kwingineko sheria zimebadilika: Uruguay iliuhalalisha mwaka 2013 na Kanada mwaka 2018, na katika mwaka huo wa 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliwaruhusu watu wazima kuukuza faraghani kwa matumizi yao wenyewe. Rwanda iliidhinisha mwaka 2020 ukuzaji wake kwa ajili ya dawa za kuuzwa nje.

Kwa makala haya, umuhimu wa mfano huo ni kile ulichofichua kuhusu gharama ya kuliiga jua. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Evan Mills alikadiria kwamba ukuzaji wa mbangi vyumbani nchini Marekani ulitumia karibu asilimia 1 ya umeme wote wa nchi hiyo, sehemu kubwa ikiwa ya taa, kutoa joto na kukausha hewa. Ni onyo kwa kila anayefikiri kwamba chumba kinaweza kuchukua nafasi ya shamba bila mtu kulipa.

Hewa: kuzungusha na kubadilisha

Umeme wote unaoingia katika taa huishia kuwa joto ndani ya chumba, isipokuwa sehemu ndogo sana inayofungwa katika chakula cha mmea au kupotelea nje kama mwanga. Taa za wati 200 ni sawa na jiko dogo la wati 200. Chumba kikifungwa, joto hupanda. Hapa ndipo feni inapohitajika, na hapa ndipo msamiati unapoleta hasara ya pili.

Neno feni limeenea. Lipo pia pangaboi, ambalo asili yake hunasibishwa na upepeo mkubwa wa darini wa huko India, uliovutwa kwa kamba na mtumishi. Kifaa ni kimoja, ila kazi ni mbili. Feni iliyosimamishwa ndani ya chumba kilichofungwa huizungusha hewa, haiibadilishi. Feni iliyotiwa katika tundu la ukuta huitoa hewa ya ndani, na hewa mpya huingia kupitia tundu jingine. Maelezo mengi huzijumuisha kazi hizi mbili chini ya usemi mmoja, mzunguko wa hewa. Msomaji akanunua feni ya mezani, akaiwasha, akaamini kwamba ametimiza agizo. Miche yake hupepewa kwa hewa ile ile yenye joto na iliyochoka. Yafaa pawe na istilahi mbili zisizochanganywa: uzungushaji wa hewa na ubadilishaji wa hewa.

Kiasi cha hewa ya kubadilishwa kinaweza kukokotolewa. Meta moja ya ujazo ya hewa huhitaji takriban jouli 1,200 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Chukua chumba cha mita 3 kwa 2, chenye kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita 15. Taa ni za wati 200, na joto la ndani halitakiwi kulizidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 4. Wati 200 zikigawanywa kwa 1,200 mara 4 hutoa mita za ujazo 0.042 kwa sekunde, yaani takriban 150 kwa saa. Hewa ya chumba hicho yapasa kubadilishwa mara 10 kila saa. Feni ndogo ya bomba huweza kazi hiyo, mradi tundu la kuingizia hewa lisiwe dogo kuliko la kutolea. Kosa linalorudiwa ni kuweka feni yenye nguvu mbele ya chumba kisicho na mahali pa kuingizia hewa: feni hunguruma, hewa haitembei.

Hewa ya moto hupanda. Kwa sababu hiyo tundu la kutolea huwekwa juu, na la kuingizia chini, upande wa pili, ili hewa ipite mimea ikiwa njiani. Kanuni hii si ngeni kwa wajenzi wa Uswahilini. Nyumba za kale za mawe za Lamu zilikuwa na ua wa ndani ulioitwa kiwanda, ulioleta mwanga na hewa katika vyumba visivyo na madirisha ya nje. Neno hilo sasa limehamia kwa mahali pa mashine, kanuni haijahama.

Hewa ukaa na upepo mwanana

Kubadilisha hewa hakuondoi joto pekee. Mmea hula hewa ukaa, ambayo katika angahewa ya leo ni sehemu takriban 420 kati ya milioni. Katika chumba kilichozibwa, mimea iliyo chini ya taa huweza kuipunguza hadi ukuaji ukadumaa, ingawa mwanga, maji na mbolea vimetosha. Istilahi hewa ukaa ina sifa ya kumkumbusha msikilizaji makaa, ambayo ni asili ya kaboni. Asiyeelezwa huweza kuinasibisha na kitenzi kukaa, akadhani ni hewa iliyolala na kuvunda. Mwalimu na asiipite istilahi hii bila kutaja nasaba yake.

Uzungushaji nao una kazi yake. Juu ya kila jani kuna tabaka jembamba la hewa iliyotulia. Tabaka hilo likiwa nene, hewa ukaa huingia kwa shida na mvuke hutoka kwa shida. Upepo mwanana huliondoa. Aidha, shina linalotikiswa kidogo hujijenga likawa nene, na ndiyo maana mche wa chumbani usiopepewa huanguka siku unapotolewa nje. Kipimo ni chepesi: majani yatikisike, yasipigwe.

Unyevuanga, ukungu na kuvu

Hatari iliyofichika kuliko zote huja taa zinapozimwa. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, mita moja ya ujazo ya hewa huweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke. Kwa nyuzi 18, takriban gramu 15.4. Chumba chenye nyuzi 25 na unyevuanga wa asilimia 70 kina gramu 16.1. Taa zikizimwa na joto likashuka hadi nyuzi 18, mvuke huo hauna mahali pa kukaa. Hugeuka umande juu ya majani. Jani likilala na maji usiku kucha, vimelea hupata mlango.

Hapa pana neno lenye maana mbili: ukungu. Ni mvuke unaotanda asubuhi, na ni pia ule utando unaoota juu ya mkate uliochacha. Mkulima akiambiwa azuie ukungu chumbani, hajui kama anazuia chanzo au tokeo. Ni vyema ukungu liachiwe mvuke, na utando unaooza majani uitwe kuvu. Kwa lugha iliyotenganishwa hivyo agizo huwa bayana: zuia umande ili uzuie kuvu. Namna ya kuuzuia ni kutoizima feni ya kubadilisha hewa pamoja na taa. Iendelee kwa muda hadi mvuke upungue. Kumwagilia kufanywe mapema, taa zinapowashwa, si zinapokaribia kuzimwa. Miche isisongamane.

Usalama

Chumba cha mimea hukutanisha maji na umeme, nao si marafiki. Viunganishi vya waya viwekwe juu ya kiwango ambacho maji yanaweza kufikia. Pawe na waya wa ardhi na kikata umeme kinachojizima panapotokea mvujo. Waya mmoja wa kurefushia usibebeshwe taa, feni na pampu kwa pamoja bila kujua uwezo wake. Taa zenye joto zisiguse karatasi za plastiki. Swichi yenye saa humwondolea mkulima jukumu la kukumbuka, na kwa mimea ya usiku mrefu kukumbuka ndiko kila kitu. Kazi ya kutandaza waya ni ya fundi wa umeme aliyehitimu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba chumba cha mimea hutawaliwa na mambo machache yanayofungamana. Mwanga huleta chakula na joto. Joto huhitaji hewa. Hewa huchukua mvuke. Mvuke usipotolewa huzaa kuvu. Na giza lina kazi sawa na mwanga. Anayebadilisha kimoja amevibadilisha vyote.

Kwa upande wa lugha, imebainika kwamba maneno karibu yote yaliyohitajika yalikuwako: mwanga na mwangaza, siku na mchana, kuzungusha na kubadilisha, ukungu na kuvu. Kilichokosekana ni makubaliano ya kuyapa mipaka. Wanaisimu wamechapisha kamusi za istilahi za sayansi, ikiwemo ile ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Hata hivyo, orodha ya istilahi haitoshi, kwa kuwa istilahi hukomaa inapotumika katika maelezo kamili yanayoweza kufuatwa na mtu akafanikiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo itakuwa na uzito siku ambapo mfanyakazi wa zamu ya usiku katika kivungulio ataweza kusoma ukutani, katika lugha yake, kwa nini taa ile iwashwe saa sita za usiku, na si saa moja.

Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wanaotafiti istilahi washirikiane na wenzao wa vitivo vya kilimo, na kwamba kila istilahi mpya ijaribiwe shambani kabla ya kuingizwa kamusini. Mtu apewe maelezo, aachwe na taa na feni, kisha miche ikaguliwe baada ya wiki tatu. Miche ikiwa imara, maelezo yalieleweka. Ikiwa imelala, pa kuanzia kutafuta kosa ni katika sentensi.